SOMO LA MANENO YA KAZINI: "DISMISS" NA NDUGU ZAKE



Katika somo hili tunachukua neno moja la Kiingereza, nalo ni "dismiss", pamoja na maneno mengine yanayokaa nyumba moja nalo: "sack", "fire", "terminate", "lay off", "suspend", "resign" na "abscond". Tumeyachagua kwa sababu ndiyo yanayoandikwa katika barua ambayo mfanyakazi hupewa siku ya mwisho, mara nyingi langoni, mbele ya askari, bila nafasi ya kuuliza.

Wengi wetu katika viwanda vya Mbarara na katika mashamba ya Isingiro na Bushenyi hatukusoma sana. Wengine tumetoka Kongo, Burundi au Rwanda na tunaishi Nakivale, mahali ambapo wakimbizi wamekuwa wakipokelewa tangu miaka ya 1950. Kazini tunasemeshana kwa Kiswahili, Kinyankole, Kiganda au Kinyarwanda. Lakini barua ya ofisi huja kwa Kiingereza.

Sasa, mtu akipoteza kazi, sisi husema neno moja tu: "Amefukuzwa." Mnyankole atasema "okubinga", Mganda "okugoba", Mnyarwanda na Mrundi "kwirukana". Yote ni kufukuza, kama mtu anavyofukuza mbuzi shambani. Mwenye barua, yeye ana maneno manane, na kila neno lina bei yake. Neno moja linakupa malipo ya notisi, neno lingine linakunyima. Hivyo basi, anayejua neno moja tu hawezi kubishana na anayejua manane.

KISA KILICHOTUFANYA TUANDIKE

Mwenzetu mmoja wa Nakivale alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja ambacho hatutakitaja. Kazi yake ilikuwa kuosha makopo. Alikuwa ametimiza miaka mitatu. Siku moja aliitwa ofisini, akapewa mshahara wa siku alizofanya, na karatasi ya kutia sahihi. Karani alimwambia, "Weka sahihi hapa, upate pesa yako." Akaweka. Kesho yake askari hakumfungulia lango.

Alirudi Nakivale, akakaa. Alidhani ataitwa tena kazi ikiongezeka. Siku ya Jumapili tulipofika Base Camp kuzungumza na wafanyakazi, alituletea ile karatasi ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha nyimbo. Juu ya sahihi yake palikuwa na maneno haya: "I hereby resign from my job." Maana yake: "Kwa barua hii ninaacha kazi yangu mwenyewe."

Tukamwuliza, "Ndugu, wewe uliacha kazi?" Akajibu, "Mimi? Niache kazi na watoto watano? Mimi nilitia sahihi ya mshahara."

Tulipohesabu, miezi mitano ilikuwa imepita. Tulikwenda naye kwa ofisa wa kazi, tukasikilizwa vizuri, lakini karatasi ilikuwa na sahihi yake na muda ulikuwa umekwisha kupita. Malipo ya notisi hakuyapata. Neno moja, "resign", lilikuwa limekula mwezi mmoja wa mshahara wake. Ndiyo sababu ya somo hili.

1. DISMISS

Maana ya asili ya "dismiss" ni kuruhusu watu waondoke, au kuwaondosha. Si neno la kazini peke yake. Mwalimu akimaliza kufundisha husema, "The class is dismissed," yaani wanafunzi wanaweza kwenda. Afisa wa jeshi huwaambia askari waliopanga mstari, "Dismiss!" nao hutawanyika. Hakimu akiona kesi haina msingi husema, "The case is dismissed," yaani kesi imetupwa. Na mtu akikataa kusikiliza wazo la mwenzake husemwa, "He dismissed the idea."

Kwa hiyo ukiona neno hili, tazama kwanza nani anaondoshwa: wanafunzi, askari, kesi au mfanyakazi.

Kazini mfano wake ni huu: "You are dismissed for misconduct." Maana yake: "Umeachishwa kazi kwa kosa la mwenendo."

Hapa tusimame kidogo. Katika Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeeleza neno hili kwa maana yake maalumu. "Dismissal" ni pale mwajiri anapomwondoa mfanyakazi kwa sababu ametenda kosa ambalo linaweza kuthibitishwa. Basi, anayekuandikia "dismissed" anasema kwamba wewe una kosa, na anajitwika mzigo wa kulionyesha. Mwulize: kosa gani, siku gani, nani aliliona?

Tena sheria inasema kwamba kabla ya kuamua kumwachisha mtu kwa kosa au kwa kazi mbaya, mwajiri lazima amweleze sababu katika lugha ambayo mfanyakazi huyo anaweza kuielewa. Someni tena maneno hayo, ndugu zetu. Katika lugha anayoielewa. Na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine anayemchagua mwenyewe wakati anapoelezwa. Anaweza kuwa mjumbe wa chama, anaweza kuwa mwenzake wa shifti. Mwajiri asiyefuata utaratibu huo anaweza kulipishwa mshahara wa wiki nne, hata kama kosa lilikuwa la kweli.

2. SACK NA FIRE

Haya ni maneno ya mdomo. "Sack" tunalijua sote kuwa ni gunia. Inasemwa kwamba zamani huko Ulaya fundi alikuwa akibeba vyombo vyake katika gunia, na bwana wake akimkataa alimrudishia gunia lake, aende zake. "They sacked him," maana yake ni "Wamemfukuza." Husemwa pia, "He got the sack," na maana ni ile ile.

"Fire" ni moto, lakini "They fired her" haina maana kwamba wamemchoma moto. Maana yake ni wamemfukuza. Neno hili linapendwa zaidi na Wamarekani, na siku hizi hata vijana wa Mbarara hulitumia.

Maneno haya mawili yatumieni katika mazungumzo tu. Msiyaandike katika malalamiko. Hayaonyeshi kama mtu alikuwa na kosa au hakuwa nalo. Mfanyakazi akiandika "They sacked me," ofisa atamwuliza tena, "Ulikuwa dismissed au terminated?"

3. TERMINATE

"Terminate" ni kukomesha, kufikisha mwisho. Limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mpaka. Neno "terminal", mahali ambapo basi linaishia, ni la ukoo huo huo. Basi likifika mwisho wa safari halikutenda kosa; limefika tu. Ndivyo ilivyo na "termination": sheria inalitumia kwa kumwondoa mfanyakazi kwa sababu ya haki isiyokuwa kosa, kama mkataba kwisha au umri wa kustaafu kufika.

Mfano: "Your contract is terminated with one month's notice." Maana yake: "Mkataba wako umekomeshwa kwa notisi ya mwezi mmoja."

Neno la kuliangalia hapa ni "notice". Sheria ya 2006 imepanga hivi:

Aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini hajatimiza mwaka: notisi isipungue wiki 2.
Mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5: isipungue mwezi 1.
Miaka 5 hadi kabla ya miaka 10: isipungue miezi 2.
Miaka 10 na zaidi: isipungue miezi 3.

Notisi hiyo lazima iwe ya maandishi, tena katika lugha ambayo mfanyakazi anatazamiwa kuielewa. Mwajiri akitaka uondoke leo leo, mnaweza kupatana akulipe fedha badala ya notisi. Maneno yake kwa Kiingereza ni "payment in lieu of notice". Yakiwa katika barua yako, hesabu miezi yako kabla ya kupokea.

4. LAY OFF

"Lay off" ni kupunguza wafanyakazi kwa sababu kazi imepungua, au mashine mpya zimeletwa, au kampuni inajipanga upya. Mfanyakazi aliyepunguzwa huitwa "redundant". Neno hili linauma kusikia, kwa maana linasema mtu huyu amezidi mahitaji. Lakini halisemi kwamba ana kosa lolote.

Mfano: "Twenty workers were laid off." Maana yake: "Wafanyakazi ishirini walipunguzwa."

Mwajiri akikusudia kuondoa watu 10 au zaidi katika muda usiozidi miezi 3 kwa sababu kama hizo, sheria inamtaka apeleke taarifa ya maandishi kwa wajumbe wa chama cha wafanyakazi na kwa Kamishna wa Kazi. Kwa hiyo mkiona majina yanabandikwa ukutani ghafla, ulizeni kwanza: chama kilipewa taarifa?

Vibarua wa kutwa, msijione kwamba hamhusiki. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiajiriwe kama kibarua kwa zaidi ya miezi 4. Ukipita hapo, unastahili mkataba wa maandishi, na huwi kibarua tena. Wako watu wanaokata ndizi au kuchuma chai mwaka wa tatu sasa na bado wanaitwa "casual". Neno hilo nalo tutalifundisha siku nyingine.

5. SUSPEND

Maana ya asili ya "suspend" ni kuning'iniza. Kitu kilichoning'inizwa hakijaanguka, wala hakijasimama chini. Mfanyakazi aliye "suspended" bado ni mfanyakazi. Amesimamishwa kwa muda uchunguzi ukifanywa.

Mfano: "You are suspended for two weeks on half pay." Maana yake: "Umesimamishwa kazi wiki mbili kwa nusu mshahara."

Sheria inaruhusu mwajiri kumsimamisha mtu kwa nusu mshahara, lakini kusimamishwa huko kusizidi wiki 4 au muda wa uchunguzi, ule ulio mfupi. Kosa wanalofanya wenzetu wengi ni kwamba wakisikia "suspended" hudhani wamefukuzwa. Wanafunga mizigo, wanarudi Nakivale au kijijini, hawaonekani tena. Basi ofisi inapata neno lingine jipya la kuwaandikia, nalo tutaliona katika namba 7.

6. RESIGN

"Resign" ni kuacha kazi kwa hiari yako. Hapa anayetenda ni wewe, si mwajiri. Angalieni tofauti hii ya mtendaji:

"They dismissed me." Wao walinifukuza.
"I resigned." Mimi niliacha.

Kwa Kiingereza mtu hasemi "I was resigned" kwa maana ya kwamba aliachishwa. Ukiona "I", mtendaji ni wewe. Ukiona "we" au jina la kampuni, mtendaji ni wao. Herufi hiyo moja, "I", ndiyo ilimponza ndugu yetu wa makopo.

Hata hivyo sheria haikuwa kipofu. Ikiwa mwajiri alikutendea mambo yasiyovumilika hata ukalazimika kuondoka, sheria inaweza kuhesabu kwamba yeye ndiye aliyekomesha kazi. Lakini itakubidi ueleze na uonyeshe. Ni rahisi zaidi kutokutia sahihi ya karatasi usiyoielewa kuliko kuieleza baadaye.

7. ABSCOND

"Abscond" ni kutoroka na kujificha. Latumika kwa mwizi aliyekimbia na fedha, na kwa mshitakiwa aliyetoroka mahakama. Maofisi hulitumia pia kwa mfanyakazi asiyeonekana kazini. Mwenzake ni "desert", yaani kutoroka kazi kama askari anavyotoroka jeshi.

Mfano: "He absconded from duty." Maana yake: "Alitoroka kazini."

Neno hili linawapata sana wenzetu wa Nakivale. Siku ya kuhakikiwa majina au ya kupokea posho mara nyingi hutakiwa ufike mwenyewe. Mtu anatoka Mbarara jioni, anapanga foleni siku nzima, anarudi siku ya tatu, anakuta ameandikwa "absconded". Yeye hakutoroka. Alikuwa "absent", yaani hakuwapo. Maneno haya mawili yasichanganywe. "Absent" ni kutokuwapo tu, na kunaweza kuwa na sababu. "Abscond" ni kutokuwapo kwa nia ya kukimbia.

Sheria ya 2006 inasema kwamba kutokuwapo kwa muda kwa sababu ya kuaminika, kama ugonjwa au kuumia, si sababu ya haki ya kumwachisha mtu, mradi kusizidi miezi 3. Kwa hiyo, ndugu, kabla hujaondoka omba ruhusa kwa maandishi. Sentensi moja yatosha: "I ask permission to be absent on Tuesday and Wednesday." Weka nakala. Ukirudi na karatasi ya hospitali, mpe msimamizi nakala, ile yenyewe ubaki nayo.

NENO LA NYONGEZA: SUMMARY

Shuleni "summary" ni muhtasari. Kwa hiyo mwenzetu mmoja aliyepata barua yenye kichwa "Summary Dismissal" alidhani ni muhtasari wa barua ndefu itakayofuata. Akaingoja. Katika mambo ya kazi "summary" ni papo hapo, bila notisi au kwa notisi iliyopunguzwa. Hilo linaruhusiwa kwa kosa zito tu, lile linalovunja mkataba kutoka msingi wake. Na hata hapo haki ya kuelezwa haiondolewi.

UKIPATA BARUA, FANYA HIVI

Kwanza, usitie sahihi siku ile kama huelewi. Ikiwa ni lazima kuonyesha kwamba umeipokea, andika juu ya sahihi yako: "Received, not agreed." Yaani "Nimepokea, sikukubali." Maneno hayo matatu yajifunzeni kwa moyo, hata asiyejua kusoma ayakariri na kuyachora.

Pili, tafuta kitendo katika barua. Ni "dismiss", "terminate", "suspend" au "resign"? Pigia mstari.

Tatu, tazama tarehe na uanze kuhesabu. Aliyefanya kazi mfululizo kwa wiki 13 au zaidi anaweza kulalamika kwa ofisa wa kazi kwamba ameachishwa bila haki. Malalamiko yapelekwe katika miezi 3. Ukichelewa, ni juu yako kuonyesha kwa nini ulichelewa.

Nne, dai mshahara na haki zako zote. Sheria inataka zilipwe katika siku 7 tangu kazi kwisha, kwa njia yoyote ilivyokwisha. Akiba yako katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, haipotei kwa sababu ya kufukuzwa.

Tano, omba cheti cha kazi. Sababu ya kuondoka haiandikwi ndani yake isipokuwa wewe mwenyewe ukitaka.

Na mkimbizi asiogope kwenda kulalamika. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda, nayo ya mwaka 2006, inamtambua mkimbizi kuwa ana haki ya kufanya kazi. Na Sheria ya Ajira imekataza kumwachisha mtu kwa sababu ya taifa lake, dini yake, rangi yake, mimba, au kwa kuwa ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Chama hakiulizi ulivuka mpaka gani. Kinauliza unafanya kazi wapi.

ZOEZI

Jibuni wenyewe kwanza, kisha mtazame majibu.

1. Barua inasema: "We have decided to terminate your services." Je, umeshitakiwa kosa?
2. Amefanya kazi miaka 6, akapewa notisi ya mwezi 1. Je, inatosha?
3. "I agree that I have resigned." Nani ametenda?
4. Sahihisha: "She absconded because she was in hospital."
5. "You are suspended pending inquiry." Je, uhame nyumba?

MAJIBU

1. Hapana, neno hilo peke yake halitaji kosa. Uliza sababu na notisi. 2. Haitoshi, ni miezi 2. 3. Mimi mwenyewe, ndiyo maana usitie sahihi kama si kweli. 4. "She was absent because she was in hospital." 5. Usihame. Bado u mfanyakazi. Hesabu wiki 4.

Ndugu yetu wa makopo sasa anafanya kazi mahali pengine. Alipopewa mkataba mpya, hakutia sahihi. Alimwambia karani kwa upole, "Bwana, naomba niende nao mpaka Jumatatu, wenzangu wanisomee." Karani alimtazama, halafu akampa. Jumapili tuliusoma pamoja, neno kwa neno, watu kumi na wawili chini ya mti mmoja. Ulikuwa mkataba mzuri. Akatia sahihi.

Aliyesoma somo hili amsomee asiyejua kusoma.